Barua ya wazi kwa kamati za shule: hesabuni matundu ya choo kabla ya kuchimba msingi wa darasa

Kwa: Wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule za msingi za kutwa
Nakala: Wakurugenzi watendaji wa halmashauri, maafisa elimu, awali na msingi, maafisa elimu kata, waheshimiwa madiwani

YAH: MATUNDU YA CHOO, MAJI NA RATIBA KUTANGULIA UJENZI WA DARASA JIPYA

Ndugu wajumbe,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaoandika ni walimu wastaafu, mafundi ujenzi, wahasibu waliozoea vitabu vya shule na mtu wa afya ya mazingira. Tunaandika sasa kwa sababu vikao vya mwisho wa mwaka ndivyo vinavyoamua Januari itakuwaje. Ajenda tunazijua: ongezeko la Darasa la Kwanza, upungufu wa vyumba, michango, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo. Choo kikitajwa, hutajwa kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kuchungulia simu zao.

Ombi letu ni moja. Kabla kamati haijapitisha kuanza msingi wa darasa, iwekewe mezani karatasi moja yenye hesabu ya matundu, ya shimo, ya maji na ya saa za masomo. Karatasi hiyo haihitaji mhandisi. Mwalimu wa hisabati na mjumbe mwenye futikamba wanaimaliza asubuhi moja. Ikionyesha kwamba darasa ndilo la kwanza, jengeni darasa. Kwa shule nyingi za pembezoni mwa miji haitaonyesha hivyo.

Tuchukue shule ya mfano, ya kutwa, yenye wanafunzi 1,080: wasichana 540 na wavulana 540. Ina vyumba 12, maana yake watoto 90 kwa chumba, mara mbili ya kiwango cha 45. Ina matundu 12 ya choo, sita kila upande. Wajumbe wengi wataitambua shule ya namna hii bila kutajiwa jina. Sasa ongezeni chumba kimoja. Mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini Tanzania, chumba kimoja kilitengewa Sh milioni 20 pamoja na samani zake, na tangu wakati huo bei za vifaa hazijateremka. Kwa fedha hiyo shule yetu inatoka watoto 90 kwa chumba inaingia 83. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 83 haoni tofauti yoyote. Na matundu yamebaki yale yale 12, tena likija la Kwanza jipya na watoto 60 zaidi, foleni imerefuka.

Kiwango cha Wizara ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule hii yanatakiwa matundu 27 kwa wasichana na 22 kwa wavulana. Pengo ni matundu 37. Hakuna kamati itakayoyajenga kwa mwaka mmoja, wala hatuwaombi hivyo. Tunawaomba muone kinachotokea kwenye mapumziko.

Mapumziko ni nusu saa. Msichana mmoja, kuingia, kufunga mlango, kujisaidia na kutoka, hatumii chini ya dakika mbili. Kwa hiyo tundu moja linahudumia wasichana 15 kwa mapumziko, na matundu sita wasichana 90. Waliobaki ni 450. Hao wanakwenda wapi? Wanaomba ruhusa katikati ya kipindi, wanabana mpaka nyumbani, wanaacha kunywa maji tangu asubuhi, au wanaingia vichakani nyuma ya jiko. Mwalimu analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawatulii darasani. Wangetuliaje?

Kipo kitu ambacho kamati inaweza kukifanya kesho bila shilingi, nacho ni kuvunja mapumziko ya pamoja. La Kwanza na la Pili vipindi vyao ni vya dakika 30; wakianza saa 2:00 asubuhi, baada ya vipindi vitatu ni saa 3:30, watoke. La Tatu hadi la Tano vipindi ni vya dakika 40. Baada ya vitatu ni saa 4:00, watoke wakati wadogo wanarudi. La Sita na la Saba wamalize vipindi vinne, watoke saa 4:40 hadi 5:10. Matundu yale yale sita sasa yanahudumia wasichana 270 badala ya 90. Ni nusu yao tu, lakini ni mara tatu ya jana. Kinachoharibu mpango huu huwa ni kengele: ikigongwa moja kwa wote, shule nzima inamwagika nje. Kila kundi litolewe na mwalimu wake wa darasa kwa saa ya ukutani, kengele ibaki ya kuingia asubuhi na kuondoka. Na anayepika uji aambiwe mapema, maana atapakua mara tatu. Hili likisahaulika, mpango unafia jikoni siku ya kwanza.

Kwa wavulana kuna dawa ya bei ndogo: mfereji wa mkojo. Ukuta wa tofali wenye urefu wa mita 4, umepigwa plasta laini hadi kiunoni, chini mfereji wenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, unaoishia kwenye bomba na shimo dogo la mawe. Kila mvulana anahitaji nusu mita, kwa hiyo wanasimama wanane kwa pamoja, na kwa dakika moja kila mmoja mnahudumia 240 ndani ya nusu saa. Matundu ya wavulana yanabaki kwa haja kubwa tu. Ndiyo maana tunasema: shule ikijenga mfereji huo, matundu mapya yote ya mwaka wa kwanza na wa pili yaende kwa wasichana. Kugawa nusu kwa nusu ili ionekane haki si haki.

Tuje kwenye shimo, ambako ndiko fedha za shule zinakopotelea bila mtu kuiba.

Kipimo kinachotumiwa na watu wa afya ya mazingira kwa choo cha nyumbani ni kwamba mtu mmoja hujaza kiasi cha mita za ujazo 0.04 kwa mwaka. Shule ya kutwa mtoto yupo sehemu tu ya siku, kwa hiyo chukueni nusu, 0.02. Watoto 540 wa upande mmoja wanajaza mita za ujazo 10.8 kwa mwaka. Shimo la urefu wa mita 3, upana 2 na kina 3 lina mita za ujazo 18, lakini nusu mita ya juu haihesabiwi, kwa sababu likifika hapo linatapika harufu na funza. Zinabaki 15. Gawanyeni: mwaka mmoja na zaidi kidogo ya miezi minne, shimo limejaa. Pale watoto wanapojifutia magazeti, majani au mawe, punguzeni zaidi.

Sasa kumbukeni ni mara ngapi mmesikia "shimo jipya la choo" kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Shimo likijaa, kamati huchimba jingine, hujenga banda jingine, na la zamani hufukiwa. Kila shimo linalofukiwa huzika tofali, zege na nondo ambazo zilikuwa bado nzima. Choo kilichojengwa vizuri ni cha kunyonywa, si cha kuhamishwa. Lakini ili kinyonywe, ramani iwe imekubali tangu mwanzo, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoteleza.

Kwanza, mfuniko wa kunyonyea. Mara nyingi gari la majitaka linafika, mpira unatandikwa, halafu inagundulika kwamba njia pekee ya kuingia shimoni ni tundu lile la kuchuchumalia, ambalo mpira haupiti au unakwama. Kinachofuata ni nyundo: bamba la zege linavunjwa, na siku ile ile choo kimekwisha. Shimo litokeze nje ya ukuta wa nyuma walau sentimita 80, na hapo juu pawekwe mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 60 wenye vishikio viwili vya nondo ya milimita 10, uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi au chokaa dhaifu, si saruji kali. Mkiziba kwa saruji kali mtahitaji nyundo tena.

Pili, kuta za shimo. Shimo lisilojengewa likinyonywa wakati wa mvua, udongo unaozunguka unakosa cha kuuegemeza, unaporomoka, na banda linafuata. Jengeni kuta kwa tofali kuanzia chini hadi juu. Sehemu ya chini acheni viungo vya wima bila udongo ili maji yapenye, mita ya juu iwe imezibwa kabisa. Penye maji ya chini yaliyo karibu, kama maeneo mengi ya mabondeni ya Dar es Salaam, msichimbe mita 3 kwa sababu tu mchoro umesema. Kitako cha shimo kikae juu ya maji kwa mita 1.5 au zaidi, na kama hilo haliwezekani, inueni choo juu ya ardhi kwa ngazi na mserego, yaani njia ya mteremko isiyo na vidato. Kisima chochote kiwe umbali wa mita 30 kutoka shimoni.

Tatu, njia ya gari. Mpira wa gari la majitaka hauna urefu usio na mwisho. Mkijenga choo kwenye kona ya mwisho ya kiwanja, nyuma ya nyumba ya mwalimu na shamba la shule, mmejenga choo kisichonyonyeka. Ulizeni wenye magari wa eneo lenu mipira yao inafika wapi, kisha mpime kutoka pale gari litakaposimama wakati wa masika, si wakati wa kiangazi.

Na taka. Pedi, chupa, vitambaa na madaftari yaliyokwisha ndivyo vinavyoziba mpira. Gari likiziba, dereva anaondoka na malipo ya safari bado anadai. Kila upande wa wasichana uwe na ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba, pamoja na kichomea taka cha tofali nje. Chumba cha kujistiri chenye maji na ndoo kinalinda shimo pamoja na kumlinda msichana. Wajumbe wanaume wakiona aibu kulijadili, mwalimu mlezi wa wasichana apewe dakika kumi za kikao na asikatizwe.

Gharama ya kunyonya inatishia mpaka igawanywe kwa miezi. Mashimo mawili ya mfano wetu yana jumla ya mita za ujazo 30, yaani safari sita za gari la lita 5,000. Bei ya safari inategemea umbali wa mabwawa ya majitaka. Tuseme kwa hesabu tu ni Sh 100,000. Hiyo ni Sh 600,000 kwa miezi 16, sawa na Sh 37,500 kwa mwezi. Wekeni bei halisi ya kwenu mahali pa hiyo yetu.

Je, Sh 37,500 ipo? Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati yake Sh 6,000 ndiyo inayofika kwenye akaunti ya shule. Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa watoto 1,080 mnapata Sh 6,480,000 kwa mwaka, Sh 540,000 kwa mwezi. Kwa siku 194 za masomo, ni Sh 31 hivi kasoro kwa mtoto kwa siku, na ndani ya hizo kuna chaki, karatasi za mitihani, umeme, bili ya maji, michezo na ukarabati. Kiwango hicho cha Sh 10,000 kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na kila anayenunua saruji anajua shilingi ya mwaka 2002 ilivyokuwa. Hilo tunaliandika kwa ajili ya wakurugenzi na wale walio juu yao: kiwango hakitoshi, na kamati isibebeshwe lawama ya kutotosha kwake. Hata hivyo Sh 37,500 ni chini ya asilimia 7 ya Sh 540,000. Inapatikana, ilimradi itengwe kila mwezi fedha inapoingia, iandikwe kwa jina lake kwenye leja, na isiguswe kwa ajili ya mapokezi ya mgeni.

Fedha yenyewe pia hupungua kwa uzembe wa takwimu. Ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi iliyomo kwenye kumbukumbu. Shule iliyopokea watoto 150 wa la Kwanza Januari na kusahihisha takwimu zake miezi minne baadaye imejinyima. Mwalimu Mkuu apeleke idadi mpya mara uandikishaji unapotulia, kamati iombe kuona nakala, na waliohama waondolewe kwa uaminifu ule ule. Wanafunzi hewa wakionekana kwenye daftari la mahudhurio, hata madai yenu ya kweli hayatasikilizwa.

Kuhusu michango, tusifichane. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku hadharani michango ya lazima shuleni. Kinachoruhusiwa ni hiari ya kweli: mkutano wa wazazi, muhtasari ulioandikwa, kibali cha mamlaka, stakabadhi kwa kila shilingi, na mtoto asirudishwe nyumbani wala asisimamishwe mstarini kwa sababu ya mzazi wake. Orodha ya "ambao bado" ikibandikwa ubaoni, hiari imekufa. Ushauri wetu ni kuomba nguvu kazi na vifaa kwanza, fedha baadaye. Mchanga, kokoto, mawe, kuchimba shimo, kusomba maji ya ujenzi: vyote hivyo wazazi huvitoa kwa urahisi zaidi, na vikiandikwa thamani yake kwenye mchanganuo wa gharama, halmashauri inaona sehemu ya wananchi imeshatoka. Isipokuwa bamba la zege la juu ya shimo. Hilo lisijengwe kwa kujitolea kwa siku ya Jumamosi. Lipewe fundi anayewajibika.

Na fundi huyo asimamiwe. Utaratibu wa halmashauri kutumia mafundi wa jamii unataka kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zenye watu tofauti. Mjumbe mmoja akinunua, akapokea na kusimamia, mmefuta ulinzi wote hata kama ni mcha Mungu. Kamati ya mapokezi ijue mambo machache ya kukataa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali za inchi 6 kati ya 25 na 30. Fundi akijisifu ametoa 45, tofali hizo mtoto atazikwangua kwa kucha. Tofali zimwagiliwe maji siku saba. Zege la bamba liwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 10, nondo za milimita 10 au 12 zikiwa zimepishana sentimita 15 hadi 20 kwa pande zote mbili, na mbao za boksi zisitolewe kabla ya siku 14. Tunajua shinikizo la "mkuu anakuja Ijumaa". Acheni mbao zikae.

Sasa mlango, kwa sababu ndio unaoanza kufa. Mlango wa choo cha shule hufunguliwa mamia ya mara kwa siku. Wa mbao laini, uliofika hadi sakafuni, unanyonya maji ya kudekia kwa chini, unavimba, unagoma. Watoto wanausukuma kwa teke, bawaba ya juu inang'oa skrubu zake, na ndani ya mihula miwili umeegemezwa ukutani. Choo kisicho na mlango msichana wa la Sita hakitumii, hata kama kwenye taarifa kinahesabiwa. Fremu iwe ya chuma iliyoshikwa ndani ya ukuta, mlango wa bati zito lenye fremu ya chuma, bawaba tatu za kuchomelea na si za skrubu, nafasi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Komeo liwe la ndani, la kusukuma kwa kidole, kwenye kimo ambacho mtoto wa la Kwanza anakifikia. Tundu moja kila upande liwe la watoto wenye ulemavu: mlango wa sentimita 90, vishikio ukutani, na mserego usiozidi kupanda mita 1 kwa mita 12.

Kwenye maji tutakuwa wafupi. Shirika la Afya Duniani linataja lita 5 kwa mtu kwa siku kwa shule ya kutwa, bila kuhesabu maji ya kumwaga chooni. Kwa shule yetu ni lita 5,400, kwa hiyo simtanki la lita 5,000 halimalizi siku. Paa la vyumba viwili na ofisi, mita 20 kwa 8, likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,280 baada ya kutoa moja ya tano inayopotea. Katika eneo la milimita 600 kwa mwaka ni lita 76,800: hazitoshi kuendesha shule, ila zinatosha kunawa mikono, lita moja kwa kila mtoto, kwa siku 71 za masomo. Inastahili. Makosa ya kawaida ni gata kuwekwa tambarare bila mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege kuingizwa tankini badala ya kumwagwa, na maji ya kufurika kuachwa yachimbe msingi wa darasa lile lile lililoyakusanya. Pale bomba lilipokatwa kwa deni, kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kwenye kila mlango wa choo ni bora kuliko bomba kavu lililopakwa rangi.

Imebaki saa. Vyumba vikizidiwa, kamati hupendekeza zamu mbili, na hupitishwa haraka kwa kuwa haina gharama kwenye karatasi. Gharama yake ni hii. Vipindi vinane vya dakika 40 na mapumziko ya dakika 20 ni saa 5 na dakika 40. Zamu ya kwanza ikianza saa 1:00 asubuhi inatoka saa 6:40 mchana. Ya pili ikianza saa 7:00 itatoka saa 12:40 jioni, wakati ambapo katikati ya mwaka jua la Dar es Salaam limeshazama tangu saa 12:15 hivi. Hakuna mzazi atakayekubali, kwa hiyo kimya kimya vipindi hukatwa hadi sita ili watoto watoke saa 11:20. Vipindi viwili kwa siku, kwa siku 194, ni vipindi 388, zaidi ya saa 258 za masomo zilizopotea kwa watoto wa mchana, ambao mtihani wao wa la Saba ni ule ule.

Kama zamu haiepukiki, basi isiwe ya kudumu kwa kundi moja. La Tatu hadi la Tano wapishane kila mwezi. La Kwanza na la Pili wabaki asubuhi. Saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari, mtoto wa miaka sita analala, na ana haki ya kulala. Madarasa ya mtihani yabaki asubuhi pia. Hesabuni walimu kabla ya zamu, kwa sababu chumba kinaweza kutumika mara mbili kwa siku lakini mwalimu hawezi. Na kati ya zamu wekeni dakika 20 za kusafisha vyoo, maji yakiwa yameshatengwa tangu asubuhi, la sivyo watoto wa mchana wanarithi uchafu wa asubuhi. Zamu inapunguza foleni tu. Shimo linajaa kwa kasi ile ile.

Kwa wakurugenzi na waheshimiwa madiwani tuna maneno machache. Mwaka wa shule unaanza Januari, mwaka wa fedha Julai. Choo kinachojaa Machi, masika yakianza, hakina kasma (fungu la bajeti) hadi Julai, na kama hakikuingizwa kwenye mipango ya Novemba hakina kasma hadi Julai ya mwaka unaofuata. Toeni muda wa kuwasilisha mahitaji kabla shule hazijafunga Desemba, na mkubali hesabu za mashimo kama sehemu ya maombi. Kila darasa jipya mnaloidhinisha lije na matundu yake kwenye mchanganuo huo huo: watoto 45 ni matundu mawili, la tatu likiwa la akiba. Maboma, yaani majengo ambayo hayajakamilika, ambayo wananchi wameyafikisha kwenye lenta na kusubiri miaka yamaliziwe kabla ya kufungua mapya, maana mvua inayanyeshea na tofali zinaoza. Nanyi mnaojua ratiba za viongozi, pangeni mara moja moja uzinduzi wa choo. Utepe ni ule ule.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Wiki ya kwanza baada ya kufunga Desemba, mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na afisa afya wa kata wazunguke na mti mrefu ulioalamishwa kila sentimita 10. Fungueni kila shimo, pimeni kutoka chini ya bamba hadi kwenye uso wa kinyesi. Zaidi ya mita 1, shimo lina nafasi. Kati ya mita 1 na nusu mita, wekeni oda ya gari kabla ya masika. Chini ya nusu mita, fungeni tundu hilo kwa kufuli na mlinyonye kabla ya watoto kurudi. Asiingie mtu shimoni, wala asiwashe kiberiti karibu na mfuniko uliofunguliwa. Gesi ya humo inaua na inalipuka. Vipimo viandikwe kwa tarehe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na taarifa ya mapato na matumizi ya ruzuku, kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wastaafu, mafundi ujenzi, wahasibu na mtumishi wa afya ya mazingira